Uso wa Yatima Si Bango: Picha Zipi Tuzirushe Mtandaoni na Zipi Tuzisitiri

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mwenye kuzisitiri aibu za waja Wake hali ya kuwa anazijua zote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake, Swahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeazimia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku kwa ncha ya kidole, wala hatulihesabu kuwa ni amali itakayoandikwa na kupimwa. Nalo ni kuchagua, katika picha zilizojaa ndani ya simu zetu, ipi itoke mbele za watu na ipi ibaki. Tunasema kuchagua, ilhali ukweli ni kwamba wengi hatuchagui. Tunarusha zote.

KISA KILICHOTUAMSHA

Hatutaanza na makosa ya wengine, bali tutaanza na letu. Madrasa yetu iko hapa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, upande wa barabara iendayo Namanga. Kila Ramadhaan tunapokea kwa wafadhili unga, mchele, sukari, mafuta na tende, na tunavigawa kwa mayatima na wajane. Mwaka mmoja tuliwapanga watoto mstari mbele ya bango lenye jina la mfadhili, kila mmoja amekumbatia mfuko wa unga wa kilo tano, tukawaambia watabasamu. Zilipigwa picha zaidi ya mia mbili. Usiku ule ule, bila ya kuzichambua, tukazirusha zote katika albamu ya ukurasa wetu wa Facebook, na chini yake tukaandika kwamba hawa ni mayatima wetu wakipokea msaada.

Katika mstari ule alikuwamo binti wa miaka kumi na miwili. Wenzake wa shuleni hawakuwa wakijua kwamba hana baba, kwani hakupata kuwaambia, na hiyo ilikuwa haki yake. Haikupita wiki, picha ikawa imefika katika simu za kaka na dada zao, na kutoka huko ikafika darasani. Wakampa jina. Wakawa wanamwita "Kilo Tano". Tangu hapo hakuonekana tena madrasa.

Bibi yake alikuja baada ya swala ya Alasiri. Tulimsalimu kwa heshima, akaitika, akakaa, kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Maalim, unga ule tuliula siku tisa ukaisha, na waliotoa tunawaombea kheri. Lakini picha haiishi. Mtoto huyu ataolewa, atazaa, na picha bado ipo. Mngeniuliza siku ile, ningewaambia rudisheni unga wenu."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha mlango wa sadaka mara nyingi katika darsa zetu, na mwanamke asiyejua kusoma akatufundisha maana yake katika dakika tano.

HUKUMU YA PICHA SIYO MJADALA WETU

Huenda msomaji akasema: kwani picha yenyewe si haramu? Tunasema kuwa wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya picha ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akiijuzisha, kwa hoja kwamba kamera hukizuia kivuli kilichoumbwa na Allah wala haiumbi. Sheikh Ibn Baaz (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 1999, aliizuia isipokuwa kwa dharura na haja. Sheikh Ibn 'Uthaymiin (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 2001, alitofautisha baina ya chombo na makusudio, akasema hukumu hufuata lile linalokusudiwa kwa picha hiyo.

Hatutaki kuifungua tena khitilafu hiyo katika kurasa hizi. Tunachotaka kukionesha ni kwamba pande zote zinakutana mahali pamoja. Anayeizuia picha hawezi kuijuzisha ile inayomdhalilisha Muislamu. Anayeijuzisha naye hakusema kwamba kila kilichopigwa kinafaa kuanikwa. Kupiga ni jambo moja, kuhifadhi ni la pili, na kutangaza ni la tatu. Ajabu ni kuwa wapo miongoni mwetu wanaopandisha sauti minbarini dhidi ya picha ya harusi, kisha wakishuka wanasimama wapigwe picha wakimkabidhi mjane kiroba cha unga.

DALILI TATU ZILIZOTOSHA KUTUZUIA

Ya kwanza ni IDHINI. Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) ametuamrisha katika Suratun Nuur, aya ya 27 na ya 28, tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa, na tukiambiwa turudi basi turudi. Na imepokewa na Bukhari na Muslim, katika Hadiyth ya Sahl bin Sa'd (Radhiya Allaahu 'anhu), kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu ndani ya chumba cha Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), naye akamkemea kwa ukali na akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho. Basi zingatieni. Ikiwa jicho moja lililochungulia mara moja limekemewa hivyo, itakuwaje jicho la kamera, ambalo huwafungulia tundu maelfu ya macho na halizibiki tena?

Ya pili ni SITARA. Imethibiti katika Swahiyh Muslim kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Allah humsitiri duniani na Akhera. Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliifafanua ghiba kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa lile analolichukia, hata likiwa ni kweli. Imamu an-Nawawi akabainisha katika kitabu chake al-Adhkaar kwamba ghiba haikomei kwenye ulimi, kwani huingia pia katika maandishi na ishara ya jicho au ya mkono. Ikiwa ishara ya mkono inaingia, ni kwa hoja gani picha itoke? Ufukara wa mtu ni kweli. Uyatima wake ni kweli. Lakini akichukia utajwe, basi kuutaja kwa picha ni kumtaja kwa analolichukia.

Ya tatu ni IKHLASI. Katika Suratul Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Katika aya ya 271 tumefahamishwa kwamba kuidhihirisha sadaka ni vizuri, na kwamba kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi kwetu. Na katika wale saba watakaopata kivuli siku isiyokuwa na kivuli ila Chake, yumo aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia.

Wema waliotutangulia waliyafahamu haya. 'Aliy bin Husayn, mjukuu wa 'Aliy bin Abi Twaalib (Radhiya Allaahu 'anhu), ajulikanaye kwa lakabu ya Zaynul 'Aabidiyn, alikuwa akibeba chakula mgongoni usiku na kukifikisha milangoni mwa masikini wa Madina, nao hawajui kinatoka kwa nani. Alipofariki, chakula kikakoma, ndipo wakajua. Walipomuosha wakaikuta alama ya mizigo mgongoni mwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa albamu yake. Na sisi je, tukivuliwa nguo siku ya kuoshwa, itaonekana alama gani, na iko wapi isipokuwa kwenye simu?

TUMEKWISHA KUFANYIWA HAYA SISI WENYEWE

Enyi ndugu, si mara ya kwanza nyuso za watu wetu kuanikwa bila ya wao kuulizwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za wapiga picha kule Zanzibar, kama ile ya A. C. Gomes na ya Pereira de Lord, zilipiga picha za watu wa visiwani na pwani. Nyingi ziligeuzwa kadi za posta, zikauzwa kwa wasafiri na kutumwa Ulaya. Chini ya picha ya mwanamke hapakuandikwa jina lake wala la baba yake, bali neno moja tu la kutaja kabila au aina ya watu, kama aandikavyo mwenye kuuza ndege.

Leo hii Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichoko Evanston karibu na Chicago, kina mkusanyiko uitwao Winterton, wenye picha za Afrika Mashariki zaidi ya 7,000 zilizopigwa takriban kati ya mwaka 1860 na 1960, na zimewekwa mtandaoni. Wanahistoria wananufaika nazo, nasi hatuukatai ubora wa elimu hiyo. Lakini wamo humo watu wengi wasio na majina. Waliopigwa wamekwisha kuwa udongo, waliopiga pia, na picha bado ipo. Bibi yule wa Ngaramtoni hakuwa akizidisha maneno.

Tofauti ni kwamba wale walikuwa wafanyabiashara na wageni. Sisi tunawafanyia watoto wetu wenyewe, na tunaliita jambo hilo da'wah.

Siku za gulio hapa kwetu, Alhamisi na Jumapili, mgeni akimuelekezea kamera mama wa Kimasai au wa Kiarusha bila ya kumuuliza, mama yule hujifunika uso au humkaripia. Wengi wao si Waislamu, wala hawajasoma mlango wa isti'dhaan. Wanajua tu kwamba uso una mwenyewe.

SHERIA ZA DUNIA ZIMETUTANGULIA

Inasikitisha kuona kwamba lile tulilofundishwa tangu Madina, leo tunakumbushwa na mahakama na serikali. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, iitwayo Roma School, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi. Wakati huo huo ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ya kumuuliza. Tazameni jambo hili! Mlevi katika ukumbi wa starehe amepata wa kumtetea uso wake, na yatima katika nyumba ya Qur-aan hakumpata.

Hapa Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Taasisi nyingi za kidini hazijaisoma. Nasi tunawanasihi waisome, ila tunaona haya kubwa kwamba mcha Mungu angoje faini ndipo amheshimu mtoto.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Shubha ya kwanza: "Wafadhili wanataka ushahidi." Hili ni kweli, na wana haki. Mali ya sadaka ni amana, na wamekuwapo walioila. Lakini ushahidi hauna maana ya tangazo. Risiti ya duka ni ushahidi. Daftari lenye majina, sahihi na alama za dole gumba ni ushahidi. Picha ya magunia yakishushwa ni ushahidi. Mfadhili akitaka kuhakikisha zaidi, na aje, au amtume mtu anayemuamini. Akishikilia kwamba lazima uso wa mtoto uonekane pamoja na bango lake, basi mtu huyo hatoi, ananunua. Na ile Hadiyth ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama, aliyoipokea Muslim, inamtosha: mmoja wao ni mtoaji aliyetoa ili aambiwe ni karimu, na ikaambiwa kuwa yamekwisha kusemwa.

Shubha ya pili: "Tunawahamasisha wengine watoe." Tumesema kwamba aya imeisifu sadaka ya dhahiri. Basi dhihirisha sadaka, usimdhihirishe masikini. Hamasisha kwa kisima, kwa mabati, kwa idadi ya familia zilizofikiwa. Tangu lini kheri ikashindikana kuenea ila juu ya mgongo wa aibu ya mtu?

Shubha ya tatu: "Hakuna aliyekataa." Ndugu yetu, nani atakataa huku mkono wake umeuelekea mfuko? Ridhaa ni ya mwenye uwezo wa kusema hapana na bado akaondoka na unga wake. Mtoto hana ridhaa, ana walii. Na walii mwenye njaa akinyamaza, kimya chake kisihesabiwe kuwa ni kukubali. Kanuni isemayo kwamba kunyamaza kwa bikira ni idhini haikuwekwa kwa ajili ya kugawa unga.

Shubha ya nne: "Tukikosea tutaifuta." Hili ndilo lililotuhadaa sisi. Unafuta nakala yako tu. Aliyeihifadhi anayo, aliyeituma katika kundi la WhatsApp ameshaituma. Hata ile stetasi inayotoweka baada ya saa 24 hunaswa kwa kubonyeza vitufe viwili. Tena picha ya simu, kama huduma ya mahali imewashwa, yaweza kubeba ndani yake tarehe na sehemu ilipopigwa. Na mwaka 2020 ilidhihirika kwamba kampuni ya Marekani iitwayo Clearview AI imekusanya mabilioni ya picha za nyuso kutoka kurasa za wazi za mtandao, bila ya kuwauliza wenyewe, ili mashine iweze kumtambua mtu kwa uso wake. Uliyemrusha akiwa na miaka kumi na miwili anaweza kutambulika akiwa na arobaini.

NA MAITI JE?

Tarehe 24 Februari 2024, jioni ya Jumamosi, lori lililofeli breki liliyagonga magari mengine hapa Kibaoni, Ngaramtoni, wakafariki watu 25 na wengine 21 wakajeruhiwa. Sisi wa hapa hatuhitaji kusimuliwa. Katika misiba ya namna hii, mara ngapi simu hunyanyuliwa kabla ya majeruhi kunyanyuliwa? Mara ngapi mama anajua kifo cha mwanawe kwa kuuona mwili wake katika kundi la WhatsApp? Sheria yetu imeamrisha maiti afunikwe, na muoshaji asitoe nje alichokiona. Ikiwa muoshaji, aliyeingia kwa ruhusa na kwa ibada, amefungwa ulimi, wewe mpita njia umepata wapi kibali?

MIZANI YA KUCHAGUA

Baada ya kisa kile tulikaa walimu watatu na simu moja, tukazipitia picha zile moja baada ya moja. Tuliziweka katika mafungu matatu, nasi tunawapa ndugu zetu wa misikiti na madrasa mizani hii wafanye nayo kazi.

Fungu la kwanza ni za kurusha: jengo, kisima, mabati, vitabu, vyakula kabla ya kugawiwa, darsa lililopigwa kutoka nyuma pasipo kuonekana nyuso, na watu wazima waliokubali nje ya mstari wa msaada.

Fungu la pili ni za kubaki ofisini: zile za lazima kwa hesabu na kwa mfadhili. Zikae kwa mtu mmoja mwenye dhamana, na ziondolewe hesabu zikifungwa.

Fungu la tatu ni za kufutwa papo hapo: mtoto katika hali ya kuomba au kulia, mgonjwa kitandani, nyumba ya mtu iliyobomoka, maiti na majeruhi, mwanamke aliyepitiwa stara yake. Hizi hata kwenye simu zisilale.

Katika zile zaidi ya mia mbili, za kurusha zilikuwa kumi na saba tu.

Na mizani hii ianzie nyumbani. Mume asimrushe mkewe, na mzazi asimrushe mwanawe akioga au akichapwa, eti kwa kuchekesha watu. Kina mama wa pwani wametutangulia kwa hekima, kwani zipo kadi za harusi zao zinazokataza simu na kamera ukumbini, na mgeni anayeheshimu huiacha simu mlangoni. Tuwafuate.

HITIMISHO

Msomaji atauliza mwisho wa kisa. Tuliifuta albamu. Tukamwendea bibi nyumbani kwake, tukaomba radhi mbele ya mjukuu wake, kwa sababu haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake mpaka mwenyewe asamehe. Wametusamehe, Allah awalipe. Baadaye tuliikuta picha ile ile katika ukurasa wa watu tusiowajua, wakiombea michango kwa jina jingine. Tumewaandikia, na mpaka tunaandika haya hawajajibu. Binti amehamia madrasa nyingine, nasi tunamshukuru Allah kwamba aliiacha madrasa yetu na hakuiacha Qur-aan. Mfadhili mmoja alipoona hakuna nyuso alisitisha msaada. Wengine waliendelea, na daftari la dole gumba limewatosha.

Enyi viongozi wa misikiti, walimu na vijana wenye simu: kabla ya kubonyeza, jiulizeni kama mwenye uso huu angelikuwa ni mwanao, na mwenye kuitazama ni jirani yako mwenye ulimi mrefu. Likikuchoma moyo, liache.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) atusitiri kama tunavyotakiwa kuwasitiri waja Wake, azitakase sadaka zetu na riyaa, na atusamehe kwa kila uso tulioufanya bango. Aamiyn.

Wa billaahi tawfiyq.